Simu Niliyoifundisha Kusahau

Dada yangu alijifunza kusoma, hakujifunza kuandika. Wazee waliopita katika mafundisho ya ubatizo ya zamani hapa Ufipa watanielewa. Katekisimu ilikuwa ya Kifipa. Wasichana walikaa chini kwa mistari, wakafundishwa kutambua herufi mpaka waweze kufuata sala kwa kidole. Kalamu hazikutosha, na ilionekana msichana hana mtu wa kumwandikia. Mimi niliyemfuata kuzaliwa nilipelekwa shule, kisha seminari ndogo, kisha nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya mapafu, nikawa katekista. Yeye alibaki na herufi zake za Kifipa, akazitumia maisha yote kusoma kitabu kilekile kimoja mpaka kikawa majani matupu yaliyofungwa kwa kamba.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo habari ya simu itaonekana ni mchezo wa mzee asiye na kazi. Huku Milanzi wengi wanaiona hivyo hadi leo.

Dada aliolewa upande wa Namanyere. Alipofiwa na mumewe alirudi kwetu, tayari homa ilikuwa imeshakula masikio yake. Baadaye Mungu akamchukua mke wangu, tukabaki wawili ndani ya nyumba, mmoja asiyesikia na mwingine asiyependa kelele, na tulipatana vizuri. Nikiwa na neno la kumwambia nililiandika kwa chaki kwenye kibao, kwa Kifipa, herufi kubwa, naye alinijibu kwa mdomo. Lakini asiyesikia hana kipimo cha sauti yake. Akiomba chumvi mezani, watu waliopanga ndoo zao kwenye mashine ya kusaga ya jirani waligeuka kutazama.

Kwaresima moja alikwenda kuungama. Padre wetu ni kijana, ametoka mkoa mwingine, na Kifipa hajui zaidi ya salamu. Dada naye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alipiga magoti, akaanza, na kanisa zima likasikia. Alianza na kuku wa jirani aliyekuwa akija kutaga kwetu, na mayai ambayo hayakurudi kwa mwenyewe. Waliokuwa kwenye foleni wakainamisha vichwa. Baadhi walikuwa wakisali kweli, baadhi mabega yalikuwa yakitikisika. Padre akanyoosha mkono kumtuliza. Dada akadhani maondoleo yameanza, akanyamaza, akafanya ishara ya msalaba, akatoka.

Nje, mama mmoja wa jumuiya yetu, mcheshi wa siku zote, akamshika mkono mbele ya wenzake. "Mama, la kuku tumelisikia," akamwambia. "Lile la pili hebu rudia, sisi wa nyuma hatukulipata."

Wakacheka. Dada hakusikia neno, ila aliona vinywa. Akanitazama mimi, na namshukuru Mungu kwamba wakati ule sikuwa nacheka.

Tangu siku ile hakurudi kwenye maungamo. Misa alikwenda, lakini komunyo hakupokea. Alibaki amekaa kwenye benchi, amekunja miguu pembeni ili wenzake wapite. Kwa asiyejua, hilo ni jambo dogo. Kwa mwanamke aliyepokea tangu akiwa msichana, ilikuwa njaa, na nilimwona akikonda kwa njaa hiyo.

Padre alikuja nyumbani. Ni kijana mwema, sina neno baya juu yake. Alieleza kwamba bubu na kiziwi hawadaiwi wasichoweza, kwamba apige kifua tu na kujutia moyoni, naye atamwondolea. Nikaandika kwenye kibao: Padre anasema Mungu anajua yote.

"Mungu anajua," dada akasema. "Mimi nataka mtu asikie."

Padre akasema basi ipo njia nyingine, Kanisa linaruhusu mkalimani, naye anafungwa na siri ileile inayomfunga padre. Akanionyesha mimi. Nikaliandika hilo pia, mkono ukiwa mzito kidogo. Dada akasoma, akanitazama kama mtu anayepima nguo, akamgeukia padre, akasema neno fupi kwa Kifipa. Padre akaniuliza amesema nini. Ukalimani wangu wa kwanza ukawa huo.

"Anasema huyu hapana," nilimwambia. "Anasema mengine yananihusu mimi."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Nilipitia maisha yetu tangu utoto, nikitafuta ni wapi. Sikupata, au nilipata mengi mno. Akina mama wengine wa jumuiya aliwakataa wote, na sababu yake niliiona mwenyewe pale nje ya kanisa.

Sasa nije kwenye simu.

Ujanani, baada ya kurudishwa kutoka seminari, niliwekwa kwenye karakana ya misioni chini ya bruda mmoja mzungu aliyetengeneza redio. Redio za wakati ule zilikuwa na mchoro wa matumbo yake umebandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma, ili anayeifungua ajue anagusa nini. Bruda aliniambia aliyeweka mchoro ule alimheshimu mtu ambaye hatamwona. Tangu hapo sijapenda chombo kisichofunguka. Babu yetu alikuwa wa mwisho katika ukoo kuyeyusha chuma kwenye zile tanuru ndefu za udongo, ambazo magofu yake bado yamesimama huku na huku porini. Kapu la dawa alizotia kwenye tanuru hakumfungulia mtu. Majembe ya dukani yalipofika akaliacha, na alipokufa hapakuwa na wa kujua hata jiwe lipi ni lipi. Baba alikuwa akipita karibu na tanuru ile bila kugeuza shingo.

Kwa hiyo nilipomsikia mwalimu mmoja wa kompyuta, mtu wa Mbeya aliyefundisha sekondari hapa mjini, akisema kwamba iko simu inayofunguka kwa ukucha na ambayo akili yake yote imeandikwa wazi kwa anayetaka kusoma, nilimwomba anionyeshe. Alikuwa amekuja kutazama kompyuta ya ofisi ya parokia iliyogoma. Akaitoa mfukoni. Akabandua kifuniko cha nyuma, akatoa betri kwa vidole, na chini yake akanionyesha safu ya swichi ndogo, ndogo kuliko mbegu za ulezi. Moja ya mtandao wa simu, moja ya intaneti, moja ya kipaza sauti, nyingine za kamera. Ukiishusha kwa ncha ya sindano, kifaa kile kimekatika kweli, wala huombwi kuamini. Mfumo wake ulikuwa Linux, ule wa huria unaoendesha kompyuta kubwa duniani, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili, na kumgawia jirani bila kumwomba mtu ruhusa.

Kisha akachomeka waya kutoka kwenye simu hadi kwenye televisheni ya ofisi, akaunganisha kibodi, na simu ile ikafunguka kwenye kioo kikubwa ikawa kompyuta kamili, yenye madirisha na mshale. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeishi mpaka nikaona karakana nzima ya bruda ikiingia kwenye mfuko wa shati.

Tukawa marafiki. Yeye alikuwa Mprotestanti, na alinitania kwa adabu, shikamoo kwanza, utani baadaye. Nilipomwomba anitafutie simu kama ile, alinipa ya kwake ya zamani. "Chukua, mzee," alisema. "Mimi nimeshachoka nayo. Inapiga simu siku inayotaka yenyewe."

Hakutia chumvi. Simu ile ilipata joto kama kikaango. Picha zake zilitoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Kutuma pesa haikuweza, na kundi la jumuiya ambako watu hupeana habari za misiba na zamu za sala haikulifikia. Ikiita, haikutoa mlio, na ikitoa mlio, sauti yangu haikufika upande wa pili. Jumuiya ilipata kichekesho kipya. "Ukimpigia katekista leo," walisema, "anapokea kesho, na kesho yenyewe anakuuliza wewe nani." Nikarudia kasimu kangu ka vitufe kwa ajili ya kupokea misiba, na ile nyingine nikaiacha iwe kile inachoweza.

Jioni moja, dada akiwa amekaa mbele ya televisheni yetu ya nyumbani nikiwa nimeiunganisha na simu, niliandika kwenye kibodi sala ya Baba Yetu kwa Kifipa, herufi nikizikuza mpaka mstari mmoja ukajaza kioo. Akasogeza kiti. Akaisoma kwa sauti kubwa mpaka mwisho, bila miwani. Hapo ndipo wazo liliponijia. Dada hajui kushika kalamu, lakini kila herufi anaijua kwa sura. Kwenye kibodi hakuna cha kuchora. Ni kuchagua tu.

Nilimweleza mwalimu wa Mbeya jambo lote ila lile neno fupi. Dada aandike kwa Kifipa. Simu igeuze kila neno kwa Kiswahili ili padre asome. Padre ajibu kwa Kiswahili, dada apate Kifipa. Asiwepo mtu wa tatu. Na isipite kwenye mashine za mtu yeyote huko mbali, maana maungamo hayatumwi kwa posta. Alicheka kwanza. "Nyie Wakatoliki mna kazi ngumu, mzee. Sisi tunatubu wote pamoja, tunamaliza, tunaimba." Halafu akavuta kiti, akaanza kuandika programu.

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Kazi kubwa ilikuwa jedwali la maneno, Kifipa upande mmoja, Kiswahili upande mwingine, na hilo lilikuwa langu. Nililijaza msimu mzima wa kiangazi. Ni kazi ya ajabu kwa katekista kukaa akiorodhesha kwa lugha ya mama yake maneno yote ambayo mtu anaweza kuyahitaji kuungama. Nilijaribu kuweka kila kitu, wivu, uchungu, kunyima, kusengenya, kutamani mtu afe, ili nisijue lipi litatumika. Tafsiri ilitoka imepinda, neno kwa neno, lakini mtu mwenye subira angeielewa.

Padre hakukubali upesi. Aliomba ushauri kwa wakubwa wake, akarudi na sharti moja. Alisema kitakachoandikwa kisiende popote na kisibaki popote. La kwanza nilikuwa na jibu lake. Nilifungua kifuniko mbele yake, nikashusha swichi zote kwa sindano ya dada ya kushonea, nikamwambia hapa pamekatika kwa chuma, si kwa ahadi. La pili tulilifikiria na mwalimu. Tukaifundisha programu isihifadhi chochote, maneno yakae hewani tu, na waya wa televisheni ukikatika, yote yafutike palepale. Padre akimaliza kusoma atachomoa waya. Hata mtu akiipora simu mkononi, ataikuta tupu. Niliona fahari juu ya sharti lile kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi. Nilikuwa nimejenga kiti cha maungamo chenye pazia lisilofunuliwa.

Nilimwandikia dada kwenye kibao: Padre akishasoma, kioo kitakuwa cheusi. Kikiwa cheusi, yamekwisha.

Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya kwanza kumweka mbele ya kibodi hakuandika dhambi. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada, akikaa kila baada ya herufi kutazama juu kama imefika, mpaka likatokea jina lake. Alikuwa hajawahi kuliandika. Kwenye daftari la ubatizo liliandikwa na padre, kwenye ndoa aliweka dole gumba, na kwenye kadi ya kupigia kura aliandikiwa. Akainuka, akaenda kuligusa kwenye kioo.

"Hili ni langu?" akauliza, na nje kwenye mashine wakageuka.

Nikamwitikia. Nilipochomoa waya likafutika, hakusikitika. Alipenda kuona jinsi linavyoondoka.

Laiti tungemwita padre wiki ile. Lakini mambo yalianza kulegea, kama yanavyolegea mambo mengi huku kwetu, bila mtu wa kulaumiwa. Mwalimu wa Mbeya alipata uhamisho, mkoa wa mbali, akaondoka na familia na magodoro juu ya gari. Kule mtandaoni ambako wapenzi wa simu hizi hukutana, nami nikiwafuata kwa kompyuta ya parokia, watu ambao sikuwajua sura lakini waliojibu maswali yangu kwa upole kana kwamba ni wa jumuiya moja, sauti zilipungua. Waliotengeneza simu ile walitangaza kwamba hawatengenezi tena. Vipuri vikawa hadithi. Mmoja aliandika kwamba ameiweka yake kabatini na amenunua simu kama za watu wote, kwa kuwa amechoka. Wengine wakamjibu kwamba wanamwelewa. Nilisoma maneno hayo nikahisi kama ninavyohisi kwenye kigango ambacho waumini wamehamia mjini mmoja mmoja na kubaki kengele. Mimi mwenyewe nilifanya kosa la kuitilia simu mfumo mpya kwa kadi kutoka kompyuta ya parokia, na tangu hapo ilikataa kuamka mpaka niibembeleze. Masika yakaingia, barabara za vigango zikawa matope, padre akapatikana kwa shida. Na dada akaanza kupumua kwa sauti.

Padre alikuja Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku anayozungukia wagonjwa. Simu ilikuwa imeamka vizuri asubuhi ile, nikaona ni neema. Nilimketisha dada, nikafungua programu, nikawasha televisheni, nikatoka na kufunga mlango. Padre alibaki nami uani, akisali masifu yake kwa kutembea kati ya nyumba na shamba. Kwenye mashine ya jirani walikuwa wakisaga, ukelele wake ukijaza uwanja mzima kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza, na sikutaka kuzungumza.

Dada aliandika muda mrefu sana. Padre alimaliza masifu, akafunga kitabu, akakaa kwenye benchi. Akanitania kwamba huenda la kuku bado linaendelea. Tukacheka kidogo, watu wawili tuliokuwa na hofu. Tulikuwa tumekubaliana na dada kwamba akimaliza atagonga meza.

Tukasikia meza ikigongwa. Aligonga mara nyingi na kwa nguvu, kama anayeita watu kwenye moto. Padre akasimama, akatoa stola mfukoni, akaibusu, akaivaa shingoni.

Mashine ya jirani ikanyamaza.

Mtu asiyekaa jirani na mashine hajui ukimya ule. Kwanza mkanda unalia ukipungua, kisha mawe, kisha unasikia mbuzi, na watoto mbali, na mtu mmoja kwenye foleni akitoa ile "aah" ya kila siku. Umeme umekatika. Padre alikuwa bado uani, mkono ukielekea kwenye kitasa. Alinitazama. Sote wawili tulijua. Televisheni imezimika, kwa hiyo waya ni kama umechomolewa, kwa hiyo simu imetii. Betri yake ilikuwa nzima, simu ilikuwa macho, na kila kitu kilichoandikwa mle kilikuwa kimefutika kama nilivyoifundisha.

Padre akafungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake.

Kilichofanyika mle sikijui, na siombi kukijua. Hakikuchukua muda. Alipotoka alikuwa ameshaikunja stola. Akanishika bega. "Tumemaliza, mzee," akasema, na akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jumapili ile dada alipokea komunyo. Alisimama kwenye mstari kama watu wote, akarudi amefumba mikono, uso ukiwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilimshukuru Mungu.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa shambani tukiinua ntumba. Wageni wanaotoka mikoa mingine hushangaa kuona vilima vile vya duara. Sisi hukata majani, tukayakusanya, tukayafunika kwa udongo yaoze, na mwaka unaofuata hutawanya kilima na kupanda juu ya uozo ule. Dada hakuwa na nguvu ya jembe tena, alikuwa akikusanya majani tu. Akasimama na kifurushi mkononi.

"Mdogo wangu," akaita, na shamba zima likasikia. "Padre alipoingia, kioo kilikuwa tayari cheusi."

Niliendelea kuvuta udongo.

"Ulisema kinakuwa cheusi akishasoma. Alisomea wapi?"

Kibao kilikuwa nyumbani. Ningeweza kujifanya sijaelewa. Ningeweza kuonyesha kwa mikono kwamba kulikuwa na kioo kingine kwa padre, naye angeniamini, maana mambo ya simu ile aliyaachia kwangu kama ya sakramenti. Nilisimama na jembe nikaomba nionyeshwe la kufanya, na sikuonyeshwa kitu. Mwishowe niliinua mkono nikaonyesha nyaya za umeme zinazopita ukingoni mwa shamba, kisha nikafumba kiganja hewani, kama mtu anayezima taa.

Alizitazama nyaya kwa muda. Kisha akainama, akaweka majani yake chini, akayapanga.

Jioni nilimwandikia kwenye kibao kwamba maondoleo ni halali, kwamba Kanisa linafundisha hivyo, kwamba alifanya alichoweza na Mungu amepokea. Yote ni kweli, na nayaamini. Akasoma, akaitikia. Nikamwandikia tena kwamba nitabadili sharti, maneno yatabaki hata umeme ukikatika, padre atakuja tena, aandike upya.

"Hapana," akasema. "Mtoto mmoja hazaliwi mara mbili."

Hata hivyo nilibadili. Nilikaa na programu ile peke yangu, bila mwalimu wa Mbeya, nikiandika na kukosea, mpaka ikakubali kutunza maneno. Nilipoichomeka kwenye televisheni kuijaribu, kioo hakikuonyesha kitu. Tundu la waya lilikuwa limelegea. Fundi wa simu sokoni aliigeuzageuza, akamwita mwenzake, wakaitazama kama mayai ya ndege wasiyemjua, wakanirudishia kwa heshima. Niliandika kule mtandaoni kwa kompyuta ya parokia. Alijibu mtu mmoja, akasema pole, akasema kipande kile hakipatikani tena.

Dada aliishi mpaka baridi ya Juni. Kila Ijumaa ya kwanza padre alimletea komunyo, alipiga kifua, aliinama, na alipokea. Hakulalamika. Ila kiti chake alikigeuza, akawa anakaa ameipa televisheni mgongo, hata wajukuu walipokuja kutazama mpira. Siku moja tukila aliacha kijiko akanitazama kwa muda mrefu, kwa ule mtazamo wa kupima nguo, nikafikiri sasa ataniambia. Nilitulia nikingoja. Alisema mboga haina chumvi. Mwishoni alipakwa mafuta matakatifu akiwa hajui tena walio karibu naye, na mdomo wake ulikuwa ukienda bila sauti, yeye ambaye sauti yake ilijaza Milanzi yote.

Sina shaka na huruma ya Mungu. Nimeifundisha tangu ujana, na nimeshawazika nayo jamaa zangu karibu wote. Mungu alimsikia. Lakini yeye aliomba mtu, na mtu hakupatikana, padre mmoja wala ndugu mmoja, na sasa hatapatikana. Lile lililonihusu mimi liliandikwa herufi moja moja kwa kidole, likasimama kwenye kioo mchana mmoja, na hakuna aliyelisoma. Nikimwomba msamaha, namwomba kwa jumla, kama mtoto anayeungama bila kujua amekosa nini.

Simu ninayo. Jedwali la Kifipa lipo ndani yake, na nikikumbuka neno la mama ambalo sikuliweka, naliongeza, ingawa sijui ni nani atakayelihitaji. Betri imeanza kuvimba, kwa hiyo naitoa na kuiweka pembeni nikimaliza. Nikifungua kifuniko naziona zile swichi, bado ziko chini zote kama nilivyozishusha kwa sindano mbele ya padre. Sindano yenyewe niliirudisha kwenye kopo la nyuzi la dada. Swichi sijazipandisha.